Baba wa Mapacha Alikuwa na Cheo

SEHEMU YA 1: Swali nililouliza vibaya

Akina baba mnaosoma kimyakimya kwenye simu za wake zenu, nawaona, karibuni.

Wiki hii hatuongei uji wa lishe wala homa za usiku. Nataka tuongee historia. Najua kuna mtu kashaanza kusogeza kidole, hebu ngoja kwanza. Historia yenyewe ilianzia kwenye benchi la kliniki, na aliyechemka siku hiyo ni mimi nesi wenu.

Alikuja baba mmoja na mapacha wa mwaka mmoja na nusu. Nitamwita Baba Doto, silo jina lake. Mmoja kamfunga mgongoni kwa khanga, mwingine kampakata mkono wa kushoto, kadi mbili za kliniki kazibana kwa meno. Aliwaleta kwa chanjo ya pili ya surua na rubela, ile ya miezi 18. Badala ya kumpokea mtoto mmoja ili apumue, mimi nikamuuliza, "Mama yao yuko wapi?"

"Yuko sokoni, sista."

Wakati napima uzito nikauliza tena, safari hii kwa ukali kidogo: "Mama yao anajua umewaleta?" Jamani! Kana kwamba kawaiba. Akina mama kwenye benchi wakacheka. Mmoja akanong'ona neno limbwata, kwa sauti ya kusikika. Baba akainamisha kichwa. Watoto wakachomwa, wakalia wote wawili kwa pamoja, akawabembeleza wote wawili kwa pamoja, akaondoka.

Mwezi uliofuata hakuja kupima uzito. Na uliofuata tena, kimya. Mwezi wa tatu akaja mama, kachoka, macho mekundu. Nilipomweka Doto kwenye mizani na kuweka alama kwenye kadi, mstari ulikuwa umeshuka vibaya. Kulwa alikuwa sawa, Doto alikuwa anakonda. Nikauliza kwa nini hawakuletwa. Akasema, "Baba yao kagoma. Kasema hapa anachekwa."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa najiuliza, tangu lini baba wa mapacha amekuwa kichekesho? Nikaanza kusoma, nikaanza kuuliza wazee. Niliyoyapata nawaletea kidogokidogo, maana mengine yalinishangaza.

SEHEMU YA 2: Kulwa, Doto, na bwana mwenye cheo

Tuanze na majina, kwa sababu majina yanatunza historia kuliko makabati ya ofisi.

Kwa Wasukuma na Wanyamwezi, pacha wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto. Siku hizi hata mtu wa Mtwara anamwita mwanawe Doto bila kujua jina limetoka wapi. Kwa Wasukuma, anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija. Kwa Waluo wa Kenya, wa kwanza ni Opiyo au Apiyo, wa pili ni Odongo au Adongo, na anayewafuata ni Okello au Akello. Burundi wanaitwa Bukuru na Butoyi, yaani mkubwa na mdogo, hata kama wamepishana dakika tano tu. Huku kwetu pwani tunawaita Hassan na Hussein, wajukuu wa Mtume. Ila wale hawakuwa mapacha, walipishana kama mwaka mmoja.

Umeona kitu hapo? Sehemu nyingi jina halimwishii pacha mwenyewe. Mpaka mdogo wake anayekuja nyuma anabeba alama. Kuzaliwa kwa wawili kulikuwa kunaigusa nyumba nzima.

Sasa njoo Buganda, maana huko walifika mbali zaidi. Wavulana mapacha ni Wasswa na Kato, wasichana ni Babirye na Nnakato. Aliyewatangulia anaitwa Kigongo, anayewafuata anaitwa Kizza. Mama wa mapacha anapewa cheo, anaitwa Nnalongo. Na baba, naomba uisome taratibu hii, naye anapewa cheo chake, anaitwa Ssalongo. Cheo hicho hakifi. Atazeeka nacho na atazikwa nacho. Mpaka leo ukitembea Kampala utasikia mzee anaitwa Ssalongo njiani, na wanasiasa wanakitanguliza mbele ya majina yao. Erias Lukwago, aliyekuwa Meya wa Kampala, watu wanamwita Ssalongo hivyohivyo.

Na cheo hicho hakikuja kimyakimya. Kulikuwa na sherehe ya kuwachezea mapacha, na ilizikusanya pande zote mbili, ukoo wa baba na ukoo wa mama. Ziliimbwa nyimbo ambazo siku ya kawaida zingemfanya mtu afunike uso kwa aibu. Sherehe isipofanywa, watu waliogopa balaa litaipata familia. Kwa hiyo hakuna jirani aliyeweza kusema hakujua kwamba fulani kapata wawili.

Sasa mimi sitaki kukudanganya. Sisemi kwamba Ssalongo wa zamani alikuwa anafua nepi na kukoroga uji. Kazi za watoto wadogo zilikuwa za akina mama, bibi, shangazi na dada wakubwa. Ila kuna jambo lile boma lilikuwa linajua: mapacha wamezidi nguvu za mwanamke mmoja. Kwa hiyo baba aliitwa mbele za watu, akatajwa kwa jina jipya, akafungwa kwenye jambo hilo pamoja na ukoo wake. Hakuweza kujificha, na hakuna aliyemcheka.

Kesho nakuletea upande wa giza. Maana si kila mahali mapacha walipokelewa kwa ngoma.

SEHEMU YA 3: Walikoogopwa

Mama mwenye mapacha, hii ya leo soma ukiwa umekaa.

Zipo jamii nyingi Afrika, na nje ya Afrika pia, ambako mapacha waliogopwa. Wengine waliona ni mkosi, wengine waliona mmoja wao katoka kwa pepo. Kule Calabar, Nigeria ya leo, watoto pacha walitupwa porini wafe, na mama yao akafukuzwa kijijini. Mmisionari wa Uskoti aitwaye Mary Slessor alifika huko mwaka 1876, akaishi na watu hao mpaka alipofariki mwaka 1915. Aliwaokota watoto hao, akawalea nyumbani kwake. Kule Mananjary, mashariki mwa Madagaska, mwiko wa kulea mapacha umeendelea mpaka kizazi chetu hiki, na familia nyingine zimewaacha watoto wao kwenye vituo vya yatima kwa kuogopa mababu.

Ukisoma habari hizi ni rahisi kusema, "watu wa zamani walikuwa makatili." Mimi nikiwa nimesimama wodini naona kitu kingine pia. Mapacha wengi huzaliwa kabla ya wakati. Wengi ni njiti. Tumbo limebeba wawili, mji wa mimba umevutika, damu ya mama imepungua, na baada ya mtoto wa kwanza kutoka bado kuna wa pili, na hatari ya mama kuvuja damu ni kubwa zaidi. Sasa piga picha miaka 150 iliyopita, hakuna mizani, hakuna damu ya kuongezewa, hakuna dripu. Wanaona mama kafa, au mtoto mmoja kafa, au wote watatu. Wanatafuta maelezo, wanayapata kwenye hofu.

Kwa hiyo mwenye kuwachezea ngoma na mwenye kuwaogopa waliona jambo lilelile: hapa pana mzigo usio wa kawaida. Mmoja aliujibu kwa kuita watu waje wausaidie. Mwingine aliujibu kwa kuutupa.

Na usidhani hatari imeisha. Watafiti Christiaan Monden na Jeroen Smits walitoa hesabu mwaka 2017 kutoka nchi za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa miaka ya 2009 hadi 2014, katika kila mapacha 1,000 waliozaliwa hai, kama 213 walifariki kabla ya kutimiza miaka 5. Yaani mtoto mmoja katika kila watano. Kwa watoto waliozaliwa peke yao walikuwa chini ya 65 katika kila 1,000. Vifo vimepungua kwa wote, lakini kwa mapacha vimepungua polepole zaidi.

Sijaandika hayo nikutishe. Nimeandika ili ujue kwamba mtu akikuambia "mapacha ni baraka, Mungu atawakuza," mwitikie amina, halafu mpe mmoja ambebe.

SEHEMU YA 4: Baba alitolewaje mlangoni?

Jana wengi mliniuliza, kama zamani baba wa mapacha alikuwa na cheo, kilipotelea wapi? Hakikupotea siku moja. Kuna milango mitatu nimeiona.

Mlango wa kwanza ni kodi na kibarua. Mwishoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani waliweka kodi ya nyumba huku Tanganyika. Kodi ilidai pesa, na pesa ilikuwa mbali: kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kwenye reli, bandarini. Wanaume wakaondoka. Wakati wa Waingereza, vibarua wa mkataba kwenye mkonge waliitwa manamba, kwa sababu mtu alitambuliwa kwa namba. Fikiria hilo. Mtu ambaye kwao angeitwa baba wa fulani, kambini akawa namba. Mapacha wakizaliwa kijijini, yeye yuko safari ya siku nyingi, anakata mkonge.

Mlango wa pili ni mshahara. Kule Kenya, mishahara ya wafanyakazi Waafrika mijini ilipangwa kwa hesabu ya mwanaume mseja anayelala kitandani kimoja, kana kwamba hana mke wala mtoto. Ilibidi ifike mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali ya kikoloni, kamati ya Carpenter, ikapendekeza mshahara uhesabiwe kwa kumfikiria mtu mwenye familia. Yaani kwa miaka mingi mfumo wenyewe ulimwambia mwanaume: ukija mjini, ubaba wako uache kijijini.

Mlango wa tatu, na huu unaniuma kwa sababu ni wa kwetu, ni kliniki. Sisi wenyewe tuliiita "kliniki ya mama na mtoto". Benchi la mama, kadi ya mama, somo la mama. Ilikuwa na sababu nzuri, akina mama walikuwa wanakufa na watoto wanakufa, ikabidi wapewe mahali pao. Lakini baba akasoma kibao mlangoni, akaelewa kwamba hajaalikwa. Tulikuja kuanza kumuita kwa nguvu miaka ya 2000, ilipoenea huduma ya kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Na hapo tulimuita ili tumpime. Hatukumuita ili tumfundishe kuogesha mtoto.

Sheria nazo zinasimulia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo. Akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo, siku 100. Safi kabisa, waliotunga walijua mapacha ni kazi zaidi. Baba alipewa angalau siku 3. Akipata mmoja, 3. Akipata wawili, 3 zilezile. Uganda mwaka 2006 wakaweka siku 4 za kazi. Kenya mwaka 2007 wakaweka wiki 2. Sheria hurekebishwa, kwa hiyo kabla hujaomba likizo muulize ofisa utumishi kazini kwako inasemaje sasa.

Na hapo nimemtaja aliyeajiriwa kwa barua tu. Bodaboda, fundi, mkulima, kuli wa sokoni, huyo likizo yake ni siku ambayo hakula.

Basi, usimlaumu mumeo peke yake akisema "hayo ni mambo yenu wanawake." Amefundishwa hivyo kwa zaidi ya miaka 100. Lakini usikubali pia kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu dunia kuumbwa. Kilichofundishwa kinaweza kufundishwa upya.

SEHEMU YA 5: Kifua cha baba

Twende Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978. Daktari wa watoto aitwaye Edgar Rey Sanabria ana wodi iliyojaa njiti. Mashine za joto hazitoshi, watoto wanalazwa wawili na zaidi kwenye mashine moja, wanaambukizana, wanakufa. Akaamua kuwaweka watoto kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wima, usiku na mchana. Ndiyo huduma tunayoiita kangaruu.

Wengine mtasema ni ya maskini tu waliokosa mashine. Sikiliza hii. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa kwetu Tanzania, Muhimbili ikiwemo. Njiti walioanza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri kwanza watengemae, walikufa wachache kwa robo kuliko wale waliosubirishwa. Robo nzima! Na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza ianze mapema hivyo.

Sasa hesabu na mimi. Mapacha njiti ni wawili. Mama anaweza kuwabeba wote kifuani, tunawafunga hivyo na inawezekana. Lakini mama huyo katoka kujifungua, pengine kwa kisu. Anahitaji kulala, kula, kuoga, kukamua maziwa. Joto la mwili wa baba ni joto lilelile. Kifua chake hakina maziwa, basi. Mengine yote yapo.

Na kama kifua cha baba kinafaa siku ya kwanza, mikono yake itashindwaje mwaka wa pili? Maana mwaka wa pili, mama zangu, ndio mtihani wenyewe. Wakiwa wachanga walau ukiwaweka mahali unawakuta. Wakishaanza kutembea, mmoja anakwenda kwenye jiko la mkaa, mwingine anakwenda kwenye ndoo ya maji, na wewe una miguu miwili tu.

Nilimpigia simu Baba Doto. Nilimuomba msamaha kwanza. Kisha nikamwomba anisimulie siku yake. Akacheka, akasema, "Sista, una muda?"

Mkewe anatoka saa kumi alfajiri kuwahi mzigo wa mboga sokoni. Yeye ni fundi viatu, anafanyia kazi barazani. Saa kumi na mbili wanaamka, wakati mmoja, kila siku, kama wameambiana. Anakoroga uji sufuria moja, anamimina vikombe viwili vya rangi moja, maana rangi zikitofautiana ni vita. Anawaogesha kwenye beseni moja, mmoja akisimama, mwingine akikaa. Jiko kalipandisha juu ya meza ya tofali, ndoo zote zina vifuniko. Anaposhona kiatu, amewazungushia wigo wa mabenchi mawili na viroba. Wakilala saa saba mchana, ndipo anaposhika kazi zinazotaka gundi na kisu. Mkewe akirudi saa tisa, yeye anachukua baiskeli kupeleka viatu kwa wateja.

"Na Doto?" nikamuuliza. "Mbona kakonda?"

Kimya kidogo. Kisha akasema, "Kulwa anakula haraka. Akimaliza chake anachukua cha mwenzake, na Doto hapigani. Mimi naona sahani mbili tupu, najua wameshiba."

Mnaona? Mtu anafanya yote hayo tangu alfajiri, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa naye dakika tano tumwelekeze kitu kidogo kama hicho. Angekuwa anakuja kila mwezi, tungeliona mwezi wa kwanza. Hakuja kwa sababu ya mdomo wangu.

SEHEMU YA 6: Tufanye nini sasa

Hii ndiyo ya mwisho, naiweka fupi ili umsomee baba watoto wakati anakula.

Kila pacha na sahani yake, na mlishaji amwangalie kila mmoja mpaka amalize. Mkiwa wawili, gaweni, mmoja wako mmoja wangu, kesho mbadilishane. Ukiwa peke yako, waketishe mbali kidogo, mkono wa mmoja usifike sahani ya mwenzake.

Kila pacha na kadi yake, na msifanye mwenzake ndiyo kipimo. Kulwa kuwa mnene hakumfanyi Doto kuwa mgonjwa, na Kulwa kuwa mzima hakumaanishi Doto ni mzima. Mtoto anapimwa na mstari wake mwenyewe. Mstari ukilala au ukishuka, njoo usisubiri tarehe.

Dawa zitolewe na mtu mmoja, au muweke alama ukutani. Nimeona pacha mmoja akinywa dozi mbili, ya mama na ya baba, mwenzake akakosa kabisa.

Moto, maji, dawa, mafuta ya taa: juu, vifunikwe. Wa mwaka na nusu hawasikii "acha", na wakiwa wawili wanasaidiana kupanda.

Kwa akina mama wa benchini: akija baba na watoto, msogezeeni mkao. Akina shangazi na mama wakwe, kumwambia mwanaume kalishwa limbwata kwa sababu kambeba mwanawe ni kumnyang'anya mtoto mikono miwili. Kule Buganda huyo angepewa cheo.

Na kwa wauguzi wenzangu, najua foleni ni ndefu na tuko wachache. Lakini lile swali tuliache. Kama unahitaji taarifa za mama, uliza baada ya kumpokea mtoto.

Baba Doto alirudi. Alikuja Alhamisi, khanga ileile mgongoni, kadi zilezile kwenye meno. Benchi likamtazama, nami nikasimama nikampokea Kulwa, nikamwambia, "Karibu, baba. Leo tunaanza na nani?"

"Na Doto," akasema. Tukamweka kwenye mizani. Mstari bado uko chini, lakini umeanza kupanda, gramu mia tatu ndani ya wiki nne. Alipouona alichukua kadi mkononi mwangu, akaiangalia muda mrefu, akanionyesha kwa kidole ile alama ya mwisho, kama vile mimi ndiye niliyekuwa siijui.

Usiku mwema, mama zangu. Na nyie akina Ssalongo.